Godoro la Maua ya Buluu

Haya nitakayowasimulia ni kweli tupu. Siapi kwa jina la Mungu, maana jirani yangu Bi Johari amenipiga marufuku kulitia jina hilo kwenye hadithi zangu. Naapa kwa mvi zangu na kwa sufuria niliyowapikia mabaharia miaka thelathini na mmoja: hakuna chumvi humu hata chembe. Kila kilichotokea asubuhi ile pale Mjambere, mtaani kwetu, nilikiona kwa macho yangu haya mawili. Mwanafunzi atakayenikamata na uongo, hata mmoja, nitamlipa sinia la mahamri, yeye na darasa lake zima. Nimeandika, haifutiki.

Jina langu ni Mansur, lakini watoto wa Kisauni huniita Babu Tagi. Kazi yangu ilikuwa kupika ndani ya tagi, zile boti fupi zenye nguvu zinazovuta meli kubwa kuingia bandarini. Shule sikuipata. Kusoma nilijifunza kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa vitunguu, ndiyo maana habari nyingi nilizozisoma hazikuwa na mwisho; mwisho ulikwenda na kitunguu cha mtu mwingine. Nikazoea kuutunga mwenyewe. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Nilipostaafu nikabaki peke yangu na baraza langu, kitanda changu cha kamba na mgongo unaouma, na kila jioni watu huja kunisikiliza.

Sasa Kafedha. Huyu ni jirani yangu, msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa gredi ya sita, mwembamba na asiye na maneno mengi. Kila siku ya shule mambo yao yalikuwa yale yale. Ikifika saa kumi na mbili na nusu alikuwa amekwisha kufagia uga na kunywa chai, naye anafuta kioo cha tuktuk ya baba yake. Baba yake ni Nyale. Wakitoka hapo humpitia Bi Johari, mjane wa nyumba ya tatu, aliyeuza mahamri na mbaazi mlangoni mwa shule. Bi Johari aliketi nyuma, beseni la mahamri mapajani, na Kafedha kando yake, sufuria ya mbaazi katikati ya miguu.

"Nyale mwanangu," Bi Johari husema kila siku, "mbaazi zikimwagika leo, nitakuchemsha wewe."

"Hazimwagiki, mama. Mimi ni kobe."

Na kweli alikuwa kobe. Madereva wenzake walimpita wakipiga honi. "We Kobe! Utafika Krismasi!" Nyale huinua mkono tu na kusema, "Krismasi nayo ni siku." Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo. Likumbukeni, tutalihitaji.

Jumatatu ile jua lilikuwa limeanza kuuma mapema. Barabara ilikuwa kavu na nyoofu. Kutoka mbele ikaja pikapu nyeupe iliyopakia magodoro mapya, yamepangwa hadi juu. Kafedha aliona kamba moja inapepea. Akaliona godoro la juu kabisa likiinuka kwa upepo, likasimama kama mtu anayetaka kuaga, kisha likaangukia nyuma ya pikapu, mbele ya banda la kinyozi. Lilikuwa na maua ya buluu. Akamwona dereva akitoa kichwa dirishani kutazama nyuma. Na pikapu, isiyo na mtu wa kuitazama inakokwenda, ikavuka mstari ikaja upande wao.

Nyale alikata kushoto hadi gurudumu likapanda ukingo wa barabara. Haikutosha.

Kafedha alisikia kishindo kama cha mabati yaliyoangushwa kutoka ghorofani, na kichwa chake kikagonga chuma. Alipofungua macho aliona mbaazi kila mahali, hadi kwenye soksi zake. Bi Johari alikuwa amelala ubavu nje ya tuktuk, macho yamefumba, buibui limejaa vumbi. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake, mguu wa kulia umepinda pale ambapo mguu wa mtu haupindi.

Angeweza kukimbia. Wako watu wazima waliokimbia. Lakini shuleni Kafedha alikuwa katika chama cha huduma ya kwanza cha Mwalimu Velma, na sauti ya mwalimu ikamjia kichwani kama anayesoma imla. Kwanza tazama kama kuna gari jingine linakuja. Zima injini. Usimvute aliyeumia kama hakuna moto wala hatari nyingine. Zungumza naye, mwache alivyo mpaka wenye ujuzi wafike.

Aliuzungusha ufunguo, injini ikanyamaza. Akavunja matawi ya mwarobaini kando ya njia, akayalaza barabarani, mengine mbele na mengine nyuma, ili madereva wajue kuna ajali. Akapiga magoti, akaweka shavu karibu na mdomo wa Bi Johari. Pumzi ilikuwepo, nyembamba kama uzi.

"Baba, usijisogeze. Wanisikia?"

"Nakusikia. Wewe umeumia?"

"Sijaumia."

Huo ulikuwa uongo wake wa pekee siku ile. Kichwa kilikuwa kinamvuma kama jenereta.

Mara watu wakajaa, na hapo ndipo msiba wa pili ulipoanza, kwa maana sisi watu wa Kisauni tuna huruma inayotembea mbele ya akili. Wanaume wanne walimshika Nyale makwapa na miguu, wakamng'oa kama muhogo.

"Msimvute!" Kafedha alipiga kelele. "Mguu umevunjika! Iteni ambulensi!"

"Toka hapa mtoto! Baba'ko anakufa, nawe watufunza?"

Nyale alipiga ukelele mmoja, akazimia. Wengine wakaisukuma tuktuk hadi mtaroni, na pikapu hadi mbele ya duka la Hassan, ili njia ipitike. Dereva wa pikapu, kijana mwenye adabu, alisimama katikati yao. "Jamani, tusiite polisi," aliwaomba. "Tuyamalize hapa hapa kindugu. Wagonjwa nitawapeleka mwenyewe." Watu wakasema, naam, huyu ni muungwana. Majeruhi wakalazwa juu ya magodoro yake.

Kabla ya kupanda, Kafedha alitoa daftari lake la sayansi. Aliandika saa, nambari ya pikapu, na mahali tuktuk iliposimama: upande wa kushoto, karibu na mwarobaini. Chini yake akaandika: "Godoro lilianguka KABLA ya kugongana. Maua ya buluu. Mbele ya kinyozi." Alipoinua macho kulitazama tena, godoro halikuwepo.

Hospitali iliwapigia simu polisi, na mchana akaja Koplo Lynnette wa kitengo cha trafiki, mwanamke mrefu anayeandika polepole. Akamsikiliza Kafedha hadi mwisho bila kumkatiza.

"Una hakika na hilo godoro?"

"Nina hakika, afande."

Koplo alikwenda Mjambere mwenyewe. Matawi aliyakuta pembeni yamesagwasagwa, mbaazi aliziona, godoro hakuliona. Kinyozi alikuwa bado hajafungua wakati ule. Hassan alikuwa ndani akipima sukari, akatoka baada ya kishindo. Na dereva wa pikapu, ambaye sasa hofu ilikuwa imemfundisha kusema, aliapa kwamba magodoro yake yote yalifika salama, na kwamba ni tuktuk iliyomjia kwa kasi upande wake.

Jioni hiyo barazani kwangu hapakuwa na nafasi ya kuketi. "Babu Tagi, wewe ulikuwepo. Tueleze!" Ningefanya nini? Nikawaeleza. Nilisema tuktuk ilikuja kama risasi. Nilisema iliruka, ikazunguka hewani mara tatu, na hamri moja likapaa hadi juu ya mnara wa simu. Watu wakashika vichwa. Nilijua fika kwamba Nyale ni kobe, lakini kobe hana hadithi. Risasi inayo.

Neno hilo lilitembea. Siku ya pili lilikuwa sokoni, siku ya tatu lilikuwa kituoni. Koplo Lynnette akaandika kwamba wakazi wanasema tuktuk ilikuwa inakwenda kasi mno. Nyale, mguu wake umefungwa plasta hadi nyongani, akaambiwa kitandani kwamba leseni yake inabaki kwa polisi, na akitoka hospitali atapelekwa mahakamani kwa kosa la kuendesha kwa hatari. Bi Johari hakuwa amefumbua macho. Akifa, akaambiwa, shtaka litakuwa jingine, zito zaidi.

Nyale aligeukia ukutani.

Caroline, mama yake Kafedha, alikwenda wodi ya wanawake na chupa ya uji kumwangalia Bi Johari. Binti za mgonjwa walimzuia mlangoni. "Mumeo amemwangusha mama yetu, nawe waleta uji?" Akarudi na chupa imejaa. Alipofika nyumbani aliumwaga uji nje ya mlango, akaketi kizingitini, na Kafedha akamwona mama yake akilia bila kuuficha uso, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

Shuleni ilikuwa vibaya zaidi. "Binti Risasi!" Felix wa darasani mwake alimwita. "Godoro lako limeonekana, au limeota mabawa?" Watoto walicheka. Alipoketi kwenye dawati, mwenzake alisogea mbali. Mahali pa Bi Johari mlangoni mwa shule palibaki alama ya duara ya beseni kwenye mchanga, na kila mwanafunzi aliyepita hapo akiwa na njaa alimtazama Kafedha.

Jumatano, katikati ya somo, Kafedha alitapika na kuanguka. Mwalimu Velma alimpeleka hospitali yeye mwenyewe. Daktari alimmulika machoni, akampima, akasema ubongo ulitikisika siku ya ajali na mtoto anahitaji kupumzika.

"Alipaswa kuletwa kwangu Jumatatu ile ile," daktari alisema. "Aliyegongwa kichwa hupimwa hata akijiona mzima."

"Mbona hukusema, Kafedha?" Mwalimu Velma aliuliza.

"Mama alikuwa na wagonjwa wawili tayari."

Habari hizo nazo zikatembea. Mtaani wakasema, sasa tumeelewa, mtoto aligonga kichwa, godoro aliliota. Walisema kwa upole, na upole huo ulimuumiza kuliko kucheka kwa Felix. Usiku na mchana alijiuliza: je, ni kweli? Je, nililiota? Kama kichwa changu ndicho kilichochora maua ya buluu, basi huenda ni kweli pia kwamba baba yangu alikwenda kasi, na mimi ni mtoto tu anayempenda baba yake.

Ijumaa alasiri alikuja kwangu. Mwalimu alikuwa amempa ruhusa ya kukaa nyumbani. Alisimama chini ya baraza, daftari la sayansi kifuani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

"Babu, watu wote wanasema wewe uliona. Mimi sijui tena nilichoona." Akalibana daftari. "Nataka kukuuliza jambo moja tu. Kulikuwa na godoro barabarani? Lenye maua ya buluu?"

Nilitazama kando. Nzi alikuwa anatembea kwenye ukingo wa kikombe changu, nikamtazama yule nzi hadi akaruka.

"Hapana, mjukuu wangu," nikasema. "Sikuona godoro."

Hakulia. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyepokea hukumu. "Basi ni kichwa changu," alisema. "Ahsante, Babu." Akafungua daftari, akaichana ile karatasi, akaikunja mara mbili, mara nne. Kisha akayumba. Kizunguzungu chake kilikuwa kimerudi. Akanyoosha mkono apate kushika kitu, akaketi kwa ghafla juu ya mkeka wangu wa barazani.

Chini ya mkeka, nailoni ikalia. Kwaruu.

Baraza la Mswahili ni saruji. Halilii wala halibonyei. Kafedha akabonyeza kwa kiganja, ikalia tena. Polepole akaukunja mkeka kutoka pembeni, na maua ya buluu yakatokea, moja, mawili, mengi, bado yamo ndani ya karatasi yake ya nailoni, mapya kabisa.

Nilingoja anitukane. Ningelifurahi kama angenitukana. Badala yake alianza kulia, akiyapapasa yale maua kwa vidole kama kipofu.

"Kwa hivyo sikuota," alisema. "Babu, sikuota. Mimi si mwongo."

Haya, sasa mmenisikia. Ndiyo. Asubuhi ile nilikuwa mbele ya kinyozi, natoka kununua maziwa. Godoro lilianguka hatua tatu kutoka miguuni pangu. Mgongo wangu ulikuwa umelala kwenye kamba miaka kumi na minne. Niliinama nikalikunja, na nilikuwa bado nimeinama niliposikia kishindo. Watu wote wa Mjambere walikimbilia kwenye kilio. Mimi peke yangu nilikimbia upande wa pili, godoro kichwani. Sikujua kwamba nimebeba ushahidi wa mtu. Lakini Jumanne nilijua, na Jumatano nilijua, na kila usiku nilipolala juu yake kule ndani nililala vizuri. Ijumaa ile ndiyo mara ya kwanza nililitoa barazani, nikalifunika mkeka nipate kujinyoosha mchana.

"Kafedha," nikasema, "nifanye nini?"

Alifuta pua kwa mkono wa gauni. "Mwalimu Velma alisema aliyeona huenda polisi akaseme alichoona. Na asichoona pia aseme hakukiona."

"Na godoro?"

"Lichukue, Babu."

Nililipitisha Mjambere nzima juu ya kichwa changu, saa kumi na nusu alasiri, watu wamejaa njiani. Kafedha alitembea nyuma yangu na mama yake, tuliyempitia nyumbani, ile karatasi iliyochanwa ameinyoosha mkononi. Hassan alitoka dukani. "Babu Tagi, wahama?" Nikaendelea kutembea. Felix alikuwa anacheza mpira na wenzake, mpira ukasimama. "Godoro!" mmoja akanong'ona. "Maua ya buluu!" Sijawahi kupata wasikilizaji wengi hivyo bila kufungua mdomo.

Kituoni Koplo Lynnette alitazama godoro, akanitazama mimi, akaweka kalamu mezani.

"Mzee, unajua mtoto huyu ameitwa mwongo wiki nzima kwa ajili ya mgongo wako?"

"Najua, afande."

"Tuktuk ilikuwa inakwenda kasi?"

"Sikuiona."

"Ulisema kama risasi."

"Niliongopa. Sikuona kugongana. Niliona godoro likianguka, kisha nikasikia kishindo. Hayo tu."

Aliandika taarifa yangu, nami nikajaribu kuongeza maneno mawili matatu ya kuipamba, akayakata yote. Ilibaki mistari sita. Ni hadithi fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na ndiyo iliyonitoa jasho zaidi. Akaniambia waziwazi kwamba kuondoa kitu mahali pa ajali ni kosa, na kwamba mwenye duka la magodoro akitaka kunishtaki, yeye mwenyewe atanifunga pingu. Mwenye duka alikuja kesho yake, akahesabu upungufu wake, akalichukua godoro. Alinisamehe, labda kwa kunihurumia, labda kwa kuona kwamba Bi Caroline, aliyesimama nyuma yangu kama askari wa pili uso umekunjwa, ni adhabu tosha.

Dereva wa pikapu alipowekewa godoro mbele yake alikaa chini sakafuni. Alisema yote: kamba iliyolegea, kichwa dirishani, hofu. "Nilitaka kusema siku ile ile," alisema, "lakini nikasikia watu wote wanasema kama risasi, nikaona Mungu amenipa mlango." Mlango huo niliufungua mimi.

Bi Johari alifumbua macho siku ya sita. Neno lake la kwanza, binti zake wakiwa mashahidi, lilikuwa, "Mbaazi zimemwagika?" La pili lilikuwa, "Nyale yuko wapi, yule kobe wangu?" Binti zake walimfuata Caroline hadi nyumbani kumwomba radhi, na chupa ya uji ikaenda wodini.

Lakini si kila kitu kilirudi. Daktari alisema mfupa wa Nyale ulivunjika mara moja kwa ajali, ukaharibika mara ya pili kwa kuvutwa. Mpaka leo mguu wake wa kulia ni mfupi kidogo kuliko wa kushoto, na anapopanda ngazi hushika ukuta. Wale wanaume wanne hukutana naye njiani wakatazama chini.

Siku aliporudishiwa leseni, Koplo Lynnette aliileta mwenyewe hospitali. Tulikuwa sote pale, mimi nimejificha karibu na mlango. Hakumpa Nyale, alimpa Kafedha amkabidhi baba yake.

"Wewe peke yako ndiye uliyefanya sawa siku ile," alimwambia. "Ulizima injini, ukaweka matawi, ukamwacha mgonjwa bila kumvuta, ukaandika kabla ya kusahau. Kosa lako ni moja, ulificha maumivu yako. Usirudie. Baada ya ajali, aliyegongwa aende hospitali hata akijiona mzima, na polisi waitwe hata kama watu wanataka kuyamaliza kindugu. Undugu mzuri hauogopi kuandikwa." Kisha akageuka kunitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Na ninyi watu wazima, msiondoe kitu, na msiongeze kitu. Ajali huvunja mifupa, lakini mifupa ina daktari. Ukweli ukivunjwa pale barabarani, anayeuunga ni nani? Mara hii aliuunga mtoto, na nusura yeye mwenyewe avunjike."

Nyale alimvuta binti yake, akauweka uso wake kwenye nywele zake, akakaa hivyo muda mrefu.

Hadithi ingekomea hapo. Lakini nilipomaliza kuiandika nilimpa Kafedha anisahihishie, maana yeye ana shule nami nina vitunguu. Alikuja nayo juzi barazani. Sasa naketi juu ya saruji tupu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mwekundu.

"Babu, hapa umeapa kwamba kila kitu ulikiona kwa macho yako mawili."

"Aa, hiyo ni njia ya kuwaita watu wasikilize."

"Hukuona kugongana. Ulikuwa umeinama."

"Mjukuu wangu..."

"Na umeandika haifutiki."

Nilimwita Bi Johari aniamulie, nikidhani ataniokoa. Akasema niliahidi sinia la mahamri, nililipe. Leo alfajiri aliketi jikoni mwangu juu ya kigoda, mkono wake wa kushoto bado kwenye kitambaa cha shingoni, akiniamrisha kwa ule wa kulia. "Kanda, Mansur! Huo si unga wa kubandikia matangazo. Iliki wapi? Tui liko wapi? Mabaharia uliwalisha nini, maskini ya Mungu?" Nilikanda, nikakaanga. Viwiko vinaniuma, mgongo usiseme. Ametoa hukumu kwamba kazi hii ni yangu kila siku ya shule, mpaka mkono wake upone.

Saa moja kasorobo nilikuwa mlangoni mwa shule, sinia limejaa, beseni limetua juu ya ile alama ya duara mchangani. Gredi ya sita nzima ilipanga mstari. Felix alikuwa wa kwanza, njaa imemshinda aibu. Alikuwa amekwisha kumwomba Kafedha msamaha siku ya godoro. Sasa alitaka kitu kingine.

"Babu Tagi," alisema, macho yakimng'aa, "tueleze basi. Ile ajali ilikuwaje?"

Mstari mzima ukasogea karibu kusikiliza. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka, na hamri la kwanza lilikuwa tayari linapaa kuelekea mnara wa simu. Kafedha alikuwa amesimama kando ya beseni. Alinitazama tu.

"Sikuiona," nikasema, nikampa hamri lake.